Bi Umulkheir na Kidaka cha Chini

Nikimsikia mtu akidai kwamba wanazuoni wa Amu, au Lamu kama waiitavyo wengine, walitengenezwa na masheikh peke yao, hunipanda hasira, na kwa umri wangu huu hasira si dawa. Sheikh alifundisha, sikatai. Alikaa msikitini baada ya alasiri, akasoma, akafasiri, na sisi vijana arubaini tukamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Lakini nani alijua, katika arubaini hao, ni yupi ameelewa na yupi anatikisa kichwa tu? Nani alimwambia huyu aanze nahau, yule aiweke kando kwanza, na yule mwingine arudi kwao akamwone mamake kisha ndipo aje tena? Si sheikh. Ni mwanamke mmoja wa mtaa wa Mkomani, ambaye mimi niliishi kwake miaka mitatu na sijapata kuuona uso wake.

Jina lake Bi Umulkheir. Nyumba yake ya mawe ilikuwa nyuma ya msikiti wa Sheikh Abdulghafur, na ukipita nje usingeona cha kukusimamisha. Alikuwa mjane. Mumewe alikufa zamani, akamwachia nyumba hiyo na mimba, na mtoto aliyezaliwa, Mahfudha, alikuwa keshaolewa Shela wakati mimi nilipofika. Bi Umulkheir mwenyewe alishona kofia. Na katika sabule, kile chumba cha wageni chenye ngazi yake peke yake kutoka dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, aliwaweka wanafunzi waliotoka visiwa vya kaskazini: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini. Tulimchotea maji na kumpasulia kuni, basi. Hakututaka kingine.

Mimi nililetwa na baba yangu, Mwalimu Fadhil wa Pate, mwaka 1909, nikiwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa mwalimu wa chuo na ndiye aliyewajibu watu maswali yao ya dini, kama babu yangu kabla yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akikusalimu, uji wako hupoa. Lakini siku ile, pale dakani, mbele ya pazia la Bi Umulkheir, maneno yalimkauka.

"Bi," alisema, "nimekuletea mwanangu, Jamaludini. Mtazame."

Nyuma ya pazia mkeka ulilia, mtu amesogea karibu. Kisha sauti ikasema, "Mwalimu Fadhili wa Pate." Halikuwa swali.

"Ndiye mimi."

"Mwate apande yuu. Mtoto hana makosa."

Niliona ni maneno ya ajabu kwa mgeni. Makosa gani tena, na mimi ndiyo kwanza nimeshuka chomboni? Lakini baba alikuwa tayari amenipa mgongo, anaondoka kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu mekoni, nami nikapanda ngazi na mkeka wangu.

Ukuta mmoja wa sabule ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo nyumba za Amu hujipambia. Wengine huweka humo sahani za Kichina. Bi Umulkheir aliweka vitabu vyetu. Palikuwa na safu tatu. Anayeanza, kitabu chake kilikaa safu ya chini. Akielewa, kikapandishwa ya kati. Kikifika ya juu, mwenyewe alikuwa tayari kurudi kwao na kukaa mbele za watu. Na hakuna aliyeruhusiwa kukipandisha kitabu chake kwa mkono wake. Tulipokuwa msikitini, yeye aliingia na kukihamisha, au asikihamishe.

Utauliza: alijuaje? Yeye hakusoma fikihi wala nahau. Alisoma Msahafu na tenzi, kama wanawake wengi wa mji ule. Njia yake ilikuwa rahisi mpaka mtu aone aibu kuieleza. Kila Alhamisi, siku isiyo na darsa, alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani na kofia yake mapajani, akamwita mmoja mmoja. "Haya, nifunda mimi," alisema. "Nifunda kama mtu asoyua kitu. Na useme Kiamu. Kiarabu kiate msikitini." Ukamweleza somo lako la wiki. Akielewa, umeelewa. Asipoelewa, basi hata wewe hukuelewa, ila ulikuwa hujapata wa kukwambia.

Na masikio aliyokuwa nayo mama yule! Palikuwa na Amini wa Faza, ambaye sheikh alikwisha kumkatia tamaa. Alisoma vizuri mwezi mmoja, mwezi wa pili akaharibu kila kitu. Bi Umulkheir alimsikiliza Alhamisi mbili, kisha akatuuliza sisi wengine: "Amini hukaa wapi darsani?" Tukamwambia: nyuma, karibu na nguzo, kwa kuwa ni mpole na huwapisha wenziwe. "Basi haoni," akasema. "Msikizeni asomapo. Karatasi huigeuza baada ya maneno kwisha, si kabla. Yuwasoma kwa kusikiya wenziwe." Tukamketisha mbele, kitabu kikimgusa pua. Baada ya mwaka alikuwa akitusahihisha sisi.

Yuko aliyejiandikisha kwa masheikh watano wa mji mzima na kutwa akikimbia vichochoroni na viatu mkononi. Bi Umulkheir alimwambia achague wawili, maana mshika mawili moja humponyoka, na mshika matano hubaki na viatu vyake. Yuko kijana wa Kizingitini aliyekuwa akilia kimyakimya. Huyo alimrudisha kwao mwezi mzima akavue na nduguze. "Enda, kitabu hakiozi," alimwambia, na kweli alirudi na sura nyingine. Na yuko mmoja ambaye kichwa chake hakikushika hukumu hata moja, lakini mwandiko wake ulimfanya mtu atake kuubusu. Bi Umulkheir aliwatumia salamu wanakili wa Siyu, wakampokea, na mpaka leo misahafu yake imo katika nyumba za watu. Baba yake alikuja Amu kwa hasira, anataka mwanawe awe kadhi. Akazungumza na pazia muda mfupi, akashuka ngazi kapoa. Sikusikia aliambiwa nini, na natamani ningesikia.

Sheikh Abdulghafur naye hakuwa mjinga. Arubaini ni wengi kwa mzee mmoja. Mwanafunzi wa nyumba ile akimwendea kuomba kitabu kipya au idhini ya kwenda kufundisha, sheikh alimuuliza neno moja tu: "Chako ki kidaka gani?"

Changu kilikuwa cha chini.

Niseme kweli, kwa kuwa wa kunicheka wengi wamekwisha kufa: nilikuwa hodari. Nilishika kwa moyo ukurasa mzima kwa kuusikia mara mbili. Nilijibu swali kabla muulizaji hajafunga kinywa, na hoja yake juu, kwa Kiarabu, na ikhtilafu za wakubwa, nani kasema nini. Msikitini watu waligeuka kunitazama, nami nikajifanya sioni. Na bado mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, vitabu vya wenzangu vinapanda kimoja baada ya kingine, changu kikakaa kule chini kinakula vumbi. Kila Alhamisi nilimfunda yule mama kila kitu bila ya kukwama hata mahali pamoja, naye alisema, "Ahsanta, mwanangu," na kitabu hakiondoki. Nilimchukia. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Kilichonichoma zaidi ni Hamdun. Huyu alikuwa kijana wa Siyu, rafiki yangu, mzito wa kufahamu kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Akiulizwa, alikuna kichwa. Na kitabu chake kilikuwa safu ya kati!

Mwezi wa Rajabu mwaka 1911 ikaja barua kutoka kwa wazee wa Pate. Baba yangu ameingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni tena herufi. Kiti chake hakiwezi kukaa kitupu mwezi wa Ramadhani ukifika. Kama Jamaludin ana idhini ya sheikh, na aje akalie mahali pa baba yake na babu yake. Kama hana, watamwita mtu kutoka pengine, na kiti kikishatoka nyumbani hakirudi.

Nilikuwa na wiki tano. Nilikwenda kwa Sheikh Abdulghafur nikamsomea barua. Akanisikiliza kwa huruma, kisha akaniuliza lile swali lake. Nikainama.

"Basi nenda kwake," alisema. "Mwambie akutahini Alhamisi hii kwa swali lolote. Akikipandisha, idhini nakuandikia siku iyo hiyo."

Alhamisi hiyo tuliitwa wawili, Hamdun kwanza, kila mmoja peke yake. Nilimngoja dakani. Alikaa muda mrefu, nikawa nacheka moyoni: keshakwama. Aliposhuka nilimuuliza, "Vipi, umelijibu?"

Hamdun alikuna kichwa. "Sikulijibu. Nalimuuliza tu."

"Ulimuuliza yeye? Aulizwaye nani, wewe au yeye?"

"Kuuliza si ujinga," alisema, nami nikacheka waziwazi sasa, nikapanda ngazi mbili mbili.

Niliketi mbele ya pazia. Nilisikia sindano ikipita kwenye kitambaa.

"Jamaludini, umekuwa mwalimu wa Pate," alisema. "Mtu amekuya kwako baada ya alfajiri. Akwambiya: shemeji yangu amefiliwa na mumewe. Eda yake ni ngapi?"

Hilo! Siku za mjane kukaa ndani, swali analolijua kila aliyepita karibu na darsa! Nilijizuia nisicheke. "Miezi minne na siku kumi, Bi," nikasema, na hapo hapo nikamwaga aya na hoja na kauli za wakubwa, moja juu ya nyingine, mpaka pumzi zikanikatika.

Sindano ilikuwa imesimama. "Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Na yule mtu ungemrudisha na jawabu hilo?"

"Papo hapo, Bi."

Aliukata uzi. Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, "Basi, mwanangu. Kitabu chako na kikae papo tini."

Sijui damu ilipanda vipi. Nilisimama nikamwambia mama wa watu, katika nyumba yake mwenyewe, mimi niliyekula wali wake miaka miwili: "Bi, jibu langu ni sahihi, na sheikh atalikubali. Wewe hukusoma fikihi hata ukurasa mmoja!"

"Kweli," alisema. "Mimi sikuisoma. Ilinipata."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Jioni ile kitabu cha Hamdun kilikuwa safu ya juu. Nikafunga mkeka wangu. Asubuhi yake nilipata mashua ya Pate, nikaenda kumchukua baba aje aseme na sheikh, mwalimu kwa mwalimu, aniondolee udhia wa mwanamke huyu.

Nilimkuta barazani na watoto wa chuo wamemzunguka, amegeuza uso upande wa mwangaza kama wafanyavyo wasioona. Alinitambua kwa hatua zangu. Nami sikungoja hata kahawa. Nikamweleza yote: barua, sheikh, Hamdun mzito aliyepandishwa kwa kutojibu, na swali lenyewe la kitoto nililoulizwa.

"Swali gani?" aliuliza.

"Mtu amekuja baada ya alfajiri. Shemeji yake amefiwa na mume. Eda yake ni ngapi."

Mkono wa baba uliokuwa ukishika fimbo ulishuka. Aliwaambia watoto waende kwao. Wakatoka wakikimbia kwa furaha ya kuachiwa mapema, nasi tukabaki wawili.

"Wewe ukamjibu nini?"

"Miezi minne na siku kumi. Ningejibu nini tena?"

"Hukumuuliza kitu?"

"Nimuulize nini?"

Baba yangu alianza kulia. Sikupata kumwona akilia, hata siku aliyomzika mama yangu. Macho yale yasiyoona yalitoka machozi kama ya mtu mwingine yeyote.

"Ndilo nililojibu na mimi," alisema.

Nami niyaandike hapa kama alivyonieleza. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, ametoka kufungwa kilemba, anapita Amu. Masheikh wakubwa walikuwa wamesafiri kuhiji. Baada ya alfajiri alimjia mtu mmoja, Barka, ndugu yake marehemu mume wa Bi Umulkheir, akamuuliza maneno yale yale. Barka alijua kwamba shemeji yake ana mimba kubwa. Lakini mtu wa Amu, mwungwana, hataji tumbo la mke wa nduguye msikitini mbele za wanaume. Haya ilimfunga ulimi. Na baba yangu, kijana mwenye kilemba kipya, alijibu mbiombio, na aya yake juu, asiulize hata neno moja. Jibu la swali lile lilikuwa sahihi. Lakini halikuwa jibu la mwanamke yule, kwa kuwa mjane mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua.

Bi Umulkheir alijifungua Mahfudha wiki mbili baada ya maziko ya mumewe. Eda yake ilikwisha siku hiyo. Yeye akaambiwa imesalia miezi mitatu na zaidi. Wanawake walinong'ona kidogo, lakini nani wa kumpinga mwenye kilemba? Na mama yake, Bi Mwanatumu, alikuwa Shela, mwendo wa saa moja kwa miguu, amepigwa na kiharusi, hawezi kuinuka kitandani. Alikuwa akimtuma mtu kila Ijumaa: mwanangu aje nimwone, na mjukuu nimshike. Arubaini ya uzazi ikaisha. Bado jibu likawa ni lile lile: yumo edani, hatoki. Bi Mwanatumu alikufa akimwita, zimebaki siku kumi.

"Nilijua baada ya miaka mitatu," baba alisema. "Nilikutana na Barka, akataja kwa bahati tu siku aliyozaliwa mtoto. Nikahesabu vidoleni. Nikauliza habari za nyumba ile, nikaambiwa ya Shela. Tangu hapo, Jamaludini, sikupata usingizi mwema. Na sikwenda kumtaka radhi. Sisi wenye vilemba twajua kila dua ila hiyo. Nikaona nikupeleke wewe kwake. Nilisema moyoni, kama hajui ni mimi, atakulea. Na kama ajua, atakufunda."

Tulirudi Amu pamoja, nimemshika mkono. Pale dakani, mahali pale pale, aliita salamu, na sauti ikamjibu. Baba alivua kilemba chake akakiweka juu ya kibaraza cha mawe. Sikupata kumwona kichwa wazi mbele ya mtu.

"Bi Umulkheir," alisema, "nimekuya kwa yambo nililokosa miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Naliyua, Mwalimu. Siku ile ulomleta mtoto nalikutambua kwa sauti. Wewe ulimjibu Barka mlangoni mwa msikiti, na mimi nalikuwa yuu dirishani, nikikusikiya. Sauti yako ilikuwa nzuri. Nalisema, mwalimu mwenye sauti kama hii hakosi."

"Nisamehe, Bi."

"Kaa kitako kwanza, utaanguka." Nikamketisha. Alingoja mpaka nilipomaliza. "Nalipata kuyua mwaka wa pili. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma kwa sauti hapo yuu, akafika mlango wa eda, nami nimempakata Mahfudha. Nikalia siku tatu. Ya nne nikasema, hawa wote wapitao nyumbani mwangu, hatatoka mmoja na kilemba kabla sijamsikiya. Na wewe nalikusamehe. Kama sikukusamehe, ningempokeya mwanao?"

Baba alilia tena, lakini kilio cha aina nyingine. Halafu, kwa kuwa mzazi ni mzazi, na kiti kilikuwa kinakwenda, akasema, "Basi kama umesamehe, Bi, mpe mtoto idhini. Watu wa Pate wangoja."

"La," alisema Bi Umulkheir.

Sindano ikaanza tena kupita.

"Langu nimekusamehe, Mwalimu. La wanawake wa Pate si langu nikalisamehe."

 Mara hii nilimwelewa, na nilitamani nisingemwelewa. Nilijiona nimekaa Pate barazani na kilemba changu, mtu amenijia baada ya alfajiri na haya zake, nami namrudisha na jibu zuri.

Kisha Bi Umulkheir akatoa shauri, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa amelifikiria kabla hatujafika. Hamdun ana idhini. Na aende Pate akae kiti cha Mwalimu Fadhil mwaka mmoja, kwa amana, na Mwalimu mwenyewe akae ubavuni mwake amsaidie kwa alichohifadhi. Jamaludin abaki. Baba akakubali, wazee wa Pate wakakubali kwa kuguna, na Hamdun akakubali baada ya kuuliza maswali kumi na tano. Mimi sikuulizwa. Nilichukua mtungi nikaenda kisimani.

Mwaka ule sikujifunza kitabu chochote kipya. Kila Alhamisi Bi Umulkheir alinipa swali, na mimi nikakatazwa kujibu. Niulize tu. Mwanzoni niliuliza mawili nikakwama. Mtu amesahau rakaa: alikuwa peke yake? Mtu amemwacha mke kwa hasira: alisema maneno gani hasa, na nani alisikia? Kufika Mfunguo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, nilikuwa nikimuuliza mpaka yeye mwenyewe akicheka nyuma ya pazia, akisema, "Basi, basi, Jamaludini, mtu huyo ametoka kwa dirisha!" Na niliyajua mambo ambayo ukurasa hauna. Nilijua kwamba mtu haji na swali lake, huja na nusu yake, na hiyo nusu nyingine ameiacha nyumbani kwa haya au kwa hofu. Siku moja katika mwezi wa Jumada nilirudi kutoka darsani nikakikuta kitabu changu safu ya juu. Hakikupitia hata ya kati. Nilikaa chini ya ukuta ule nikakitazama. Nilipata kumfunda mama huyu mambo mia, na hakuna hata moja nililokuwa nikilijua.

Nilimuaga dakani. Nilimwomba radhi kwa neno langu la siku ile. "Neno gani?" alisema. "Mimi ni mtu mzima, nasahau." Hakuwa akisahau kitu. Alinipa kofia aliyoishona, ile iliyokuwa mapajani mwake siku ya swali.

Alifariki mwaka wa homa kuu, baada ya vita. Nasikia siku ya maziko yake walimu wa visiwa vyote vya kaskazini walioweza kusafiri walikuja, wengine na vilemba vyeupe vya heshima, na watu wa mji wakaulizana: mshona kofia huyu alikuwa nani hata afuatwe hivi? Mimi nilichelewa kwa siku moja. Nilisimama katika sabule nikazitazama zidaka. Vitabu vya vijana waliokuwapo vilikuwa kila kimoja mahali pake, na hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Lakini niliyotaka kuyaeleza ni ya mwaka 1912, wiki ya kwanza niliporudi Pate. Hamdun alikuwa amenikabidhi kiti na kwenda zake Siyu kuoa. Nilikaa barazani, baba yangu ubavuni, anavuta tasbihi. Baada ya alfajiri akaja mtu mmoja, anatazama chini.

"Mwalimu," alisema, "dada yangu amefiliwa na mumewe juzi. Eda yake ni ngapi?"

Tasbihi ya baba ikasimama.

Jibu lilikuwa kinywani mwangu, na aya yake, na hoja zake. Nikalimeza. Nikavaa viatu. "Nipeleka hata mlangoni kwake," nilisema. Mtu yule alishangaa, lakini alitangulia, na mimi nikamfuata katika vichochoro mpaka kwenye nyumba ya makuti, pazia limeshushwa, na ndani mwanamke analia. Kaka yake akasimama kando ameinamisha kichwa, maana alijua ninalotaka kuliuliza, na aibu ilikuwa ikimuua. Na mimi iliniua. Nikabisha hodi, nikampa pole.

"Dada," nikauliza, "una mimba?"

Kilio kikanyamaza. Kaka yake akageuzia uso ukutani.

"Miezi minane, Mwalimu," ikasema sauti.

"Na mama yako," nikauliza, "yu wapi?"